Mnong'ono Haufiki: Kutafuta Hitilafu za WSPR Kwenye Mita 630 na Mita 2200

Maswali ninayoulizwa kuhusu kurusha WSPR, modi ya redio ya ridhaa kwa ishara dhaifu, kwenye mawimbi marefu hayazidi saba au manane. Yanabadilika sura tu. Huyu skrini yake tupu. Yule amerusha usiku kucha na hakuna aliyemsikia. Mwingine koili yake inanuka. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea sana. Anza juu ushuke, na usiruke hatua kwa sababu inaonekana ya kitoto, maana hizo za kitoto ndizo zinazokula wiki nzima za watu.

Bendi zenyewe ni mbili: mita 2200, yaani 135.7 hadi 137.8 kHz, na mita 630, yaani 472 hadi 479 kHz. Ya kwanza ilitengewa redio ya ridhaa katika mkutano wa dunia wa mwaka 2007, ya pili 2012. WSPR hutamkwa "wispa", na kweli ni mnong'ono. Ilitungwa mwaka 2008 na Joe Taylor, K1JT, mwanafizikia aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya 1993. Ujumbe wake una mambo matatu tu: alama ya kituo, gridi (msimbo wa mahali kituo kilipo) yenye herufi na tarakimu nne, na nguvu kwa dBm. Unachukua sekunde 110.6 kurushwa, katika upana wa hertz 6 hivi, na programu inaweza kuufumbua hata kelele zikiuzidi mara 600.

Kwa kuwa haya yote yanapita kwenye kompyuta, watu hutafuta kosa kwenye kompyuta. Ukiwa unapokea, mara nyingi ndiko liliko. Ukiwa unarusha, toka nje. Kosa liko kwenye waya, koili au ethi (muunganisho wa ardhini), na kinacholifichua ni mita ya mkondo wa antena.

Soma hapa kwanza

Antena fupi kwenye masafa haya ni kapasita ndogo. Ili ikubali mkondo, lazima koili ifute ukapasita huo, na hapo ndipo volti zinapozaliwa. Chukua antena yangu: waya unapanda mita 10, kisha unalala mita 30. Nikikadiria pF 6 kwa kila mita ya wima na pF 5 kwa kila mita ya mlalo, napata pF 210. Kwenye 475.7 kHz hiyo ni kama omu 1,590, na inataka koili ya µH 530 hivi. Ikipita ampea 1.1, kwenye kichwa cha koili kuna volti zaidi ya 1,700, na kilele chake kinafika 2,500. Antena hiyo hiyo kwenye 137.5 kHz inataka koili ya mH 6.4, na ampea moja tu inazalisha volti 5,500, kilele karibu 7,800. Wati 50 zinasikika kama kitu cha kuchezea, lakini mwisho wa koili unaunguza ngozi hadi ndani kabla hujahisi maumivu.

Kwa hiyo: koili iwe ndani ya sanduku lenye kufuli, waya usishuke chini ya urefu ambao mtu anaweza kuufikia, na usirekebishe kitu kwa mkono huku kikuza (kifaa cha kuongeza nguvu ya ishara) kimewaka. Zima, chomoa, subiri, ndipo uguse. WSPR inawasha yenyewe kila dakika mbili. Kuzima kwenye skrini hakutoshi, chomoa umeme wa kikuza. Radi ikisikika hata kwa mbali, tenganisha antena na uiunganishe na ethi nje ya nyumba. Na waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya za shirika la umeme, hata kama ndiyo njia pekee iliyobaki.

La mwisho ni leseni. Kwenye mita 630 kikomo cha kimataifa ni wati 1 ya EIRP, yaani nguvu inayotoka kweli angani, na baadhi ya nchi zimeruhusu wati 5. Uingereza, ninakoishi, ni wati 5. Marekani pia ni wati 5 sehemu kubwa ya nchi, lakini huko lazima utoe taarifa kwanza kwa shirika linalosimamia mawasiliano ya njia kuu za umeme, na usubiri siku 30. Oman imo kwenye orodha ya nchi ambako 472 hadi 479 kHz haitumiki kwa redio ya ridhaa kabisa. Aliyeko Tanzania asome leseni yake na kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, aliyeko Kenya aulize Mamlaka ya Mawasiliano, kabla ya kurusha hata wati moja. Kupokea ni jambo jingine, na ndiko ninakomshauri kila mtu aanzie.

DALILI: Hakuna kinachofumbuliwa

Sauti haifiki kwenye programu. Hiki ndicho chanzo namba moja, na hakihusiani na mawimbi marefu. Kompyuta imejisasisha ikachagua maikrofoni yake badala ya redio. Angalia kipimo cha sauti upande wa kushoto chini kwenye WSJT-X, programu inayorusha na kufumbua WSPR: kelele tupu za antena zinapaswa kukaa karibu na dB 30. Chomoa antena. Kipimo kisiposhuka, unachosikiliza si antena.

Masafa ya redio si sahihi. Kwa mita 630 redio inakaa 474.2 kHz, kwa mita 2200 inakaa 136.0 kHz, zote katika modi ya upande wa juu wa bendi. Kwenye redio modi hiyo huandikwa USB, na haina uhusiano na ule waya wa kompyuta. Ishara zitasikika kati ya hertz 1400 na 1600 za sauti, kwa hiyo angani ziko 475.6 hadi 475.8 na 137.4 hadi 137.6. Nimewahi kumsaidia mtu aliyeiweka redio yenyewe kwenye 475.7 kwa sababu ndiyo namba aliyoisoma mahali. Alikuwa anasikiliza hertz 1,500 juu ya kila mtu.

Saa. WSPR huanza sekunde moja baada ya dakika shufwa ya UTC. Kompyuta yako ikikosea zaidi ya sekunde mbili, programu haifumbui hata ishara nzito. Saa ya Windows ikiachwa yenyewe huteleza. Weka programu ya kusawazisha saa kwa intaneti, au kipokezi cha GPS kama huna intaneti ya uhakika. Kwenye Linux, chrony inatosha. Ukiwa umefumbua angalau kituo kimoja, tazama safu ya DT, yaani tofauti ya saa. Vituo vyote vikionyesha sekunde moja na nusu upande uleule, saa mbovu ni yako.

Ni mchana. Jua likiwa juu, tabaka la chini la ayonosfia linameza mawimbi haya. Kwenye mita 630 mchana utapata majirani wa kilomita mia chache kwa wimbi la ardhini, basi. Jaribu kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri kabla ya kulaumu vifaa.

Redio ni kiziwi huku chini. Redio nyingi za HF (mawimbi mafupi) zina kipunguzi cha ndani chini ya 1.6 MHz, kimewekwa ili vituo vya matangazo visiilemee. Ili kujua, tafuta ishara ambayo lazima uisikie. Kokote kwenye pwani yenye huduma hiyo, 518 kHz kuna NAVTEX, taarifa za mabaharia: mlio wa haraka wa sauti mbili zinazopishana, kila kituo kwa zamu yake ya dakika kumi. Ulaya kuna msaada mkubwa zaidi kwa mita 2200: stesheni za HGA22 ya Hungaria kwenye 135.43 kHz na DCF39 ya Ujerumani kwenye 138.83 kHz, moja kila upande wa bendi yetu. Zinatoka usiku na mchana. Ukizikosa hizo ukiwa Ulaya, acha WSPR kwanza. Shughulikia antena na redio.

DALILI: Skrini imejaa mistari na ukungu

Hapa simaanishi ishara za wenzako. Namaanisha nguzo pana zinazotembea polepole, mistari iliyopangika kama ngazi, au weupe wa skrini nzima unaokuja na kuondoka.

Ni nyumba yako. Karibu mara zote ni nyumba yako. Endesha redio kwa betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele zikifa, washa saketi moja moja huku mtu mwingine akitazama skrini. Watuhumiwa ni walewale: chaja za simu na kompyuta, taa za LED za bei rahisi, inveta ya sola, adapta za kupeleka intaneti kwenye soketi za umeme. Kwangu ilikuwa chaja ya mswaki wa umeme bafuni, kitu kidogo kama yai, iliyokuwa imechomekwa miaka miwili.

Ukimkosa ndani, huenda kelele zinapanda kwenye ganda la nje la kebo ya antena kutoka nyumbani. Weka transfoma ya kutenganisha kwenye antena, ncha za upande wa nyumba zisigusane na za upande wa antena, na antena ipewe ethi yake huko huko bustanini. Hii ndiyo tiba iliyonipa faida kubwa kuliko zote katika kupokea, na vifaa vyake ni pete moja ya feraiti (kauri ya sumaku) na waya. Antena fupi yenye kikuza chake nguzoni inahitaji vivyo hivyo ethi chini ya nguzo, la sivyo kebo inakuwa ndiyo antena. Ikishindikana, tumia antena ya kitanzi na uizungushe hadi kelele izame. Kitanzi kina pande mbili ambako hakisikii kitu. Mwelekezee adui upande huo.

Mikwaruzo mikali inayopasuka na kunyamaza ni radi. Karibu na ikweta hili si hitilafu, ni hali ya hewa. Mashariki mwa Kongo, upande wa Kivu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na mawimbi haya hubeba milio yake mbali sana. Zima AGC ya redio (kirekebishi sauti cha kujiendesha), au iweke ya haraka kabisa, ili mpasuko mmoja usiizibe redio kwa sekunde nzima, na washa kizima-mipasuko. Kisha chagua msimu mkavu.

Zikisikika stesheni za matangazo pasipo stesheni, redio imelemewa na mawimbi ya kati. Weka chujio la kupitisha masafa ya chini, likate kuanzia 500 kHz.

Inveta ya sola ikithibitika kuwa ndiyo chanzo, usiifungue. Nyaya za paneli zina mamia ya volti za DC wakati wowote jua linapowaka, hata umeme wa nyumba ukiwa umezimwa. Mwite fundi aliyeifunga.

DALILI: Mstari unaonekana wazi, programu iko kimya

Ukiona mstari mzuri wa dakika mbili na hakuna jina, tazama saa tena. Kisha tazama modi. Kwenye bendi hizi wengi siku hizi hutumia FST4W, modi nyingine ya ishara dhaifu iliyokuja na WSJT-X 2.3 mwaka 2021, yenye vipindi vya sekunde 120, 300, 900 na 1800. WSPR haiifumbui FST4W, wala FST4W haiifumbui WSPR. Mstari unaoendelea bila kukatika kwa robo saa si WSPR.

Kama ni ishara yako mwenyewe inayoonekana kwa rafiki bila kufumbuliwa, mwombe picha ya skrini. Mstari uliolala kama ngazi ya mshazari ni masafa yanayoteleza. Oskileta ya 475 kHz moja kwa moja haina shida hiyo: kosa la sehemu moja katika milioni ni nusu hertz tu. Lakini ukitumia transvata, kifaa cha kuhamisha ishara kutoka bendi nyingine, inayochanganya na kristali ya 10 MHz, sehemu moja katika milioni ni hertz 10, na WSPR haivumilii zaidi ya hertz 4 hivi ndani ya kipindi kimoja. Funika kristali isipigwe na upepo wa feni, iache ipate joto nusu saa, au nunua oskileta inayoongozwa na GPS. Kwa FST4W-1800 hakuna mjadala; hatua kati ya sauti zake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya hertz, na bila GPS au kristali iliyofidiwa joto utakuwa unapoteza nusu saa kila mara.

Mstari wenye mapacha pembeni ni sauti iliyozidi. Punguza sauti ya kompyuta hadi sindano ya ALC (kidhibiti cha ishara iliyozidi) isitikisike.

DALILI: Narusha, hakuna anayenisikia

Hapa ndipo pa kukaa.

Anza na yale ya mezani. Je, asilimia ya kurusha iko sifuri? Je, kitufe cha kuruhusu kurusha kimewaka? Masafa ya sauti uliyochagua yako kati ya 1400 na 1600? Kama alama yako ina mkwaju (/), mfano umehamia nchi nyingine na unatanguliza alama ya nchi hiyo, ujumbe unagawanywa mara mbili na msikilizaji anahitaji kupata vipindi vyote viwili. Rusha mara nyingi zaidi. Tazama pia kwenye ramani ya WSPRnet, tovuti inayokusanya taarifa za nani amemsikia nani, kama kuna mtu yeyote anayepokea usiku huo karibu nawe. Bendi hizi hazina umati.

Yakipita hayo, mwombe mwanaridhaa wa jirani, wa kilomita tano au kumi, asikilize. Akikupata kwa nguvu, mtambo unafanya kazi na swali linabaki la antena. Asipokupata kabisa, chukua tochi, toka nje.

Watu huniandikia: "SWR yangu ni 1.1, kwa nini sisikiki?" SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, na ikiwa nzuri inakuambia tu kwamba kikuza kimeridhika. Mzigo wa omu 50 uliotengenezwa kwa kaboni una SWR ya 1.0 na haurushi kitu. Antena yangu ina ukinzani wa kurusha wa omu 0.29 tu; zilizobaki, kama omu 40, ni hasara za ardhi, koili na miti. Wati 50 zikiingia, ampea 1.1 zinapita, wati 0.36 zinatoka angani, na 49 na ushei zinapasha joto bustani. Ukizidisha kwa tatu, kwa kuwa antena iko juu ya ardhi, EIRP ni wati 1.1. Hizo zinatosha kuvuka nchi kadhaa. Lakini ardhi ikiwa mbaya mara mbili, SWR ikarekebishwa kwa transfoma ikawa nzuri tena, mkondo unashuka hadi 0.8 na mnong'ono unakuwa nusu. Mita ya SWR haitakuambia. Mita ya mkondo itakuambia papo hapo.

Kuitengeneza ni kazi ya jioni moja. Chukua pete ya feraiti, izungushie waya mwembamba mizunguko 50, weka kizuizi cha omu 50 kwenye ncha zake, kisha pitisha waya unaokwenda ethi katikati ya pete mara moja. Kila ampea moja inatoa volti moja. Soma kwa oskiloskopu au kwa diodi na mita. Ipitishe upande wa ethi, chini, penye volti ndogo. Usiweke juu ya koili.

Ukiwa nayo, fuata vyanzo hivi kwa zamu.

Koili haijafika kwenye mwafaka, yaani haijafuta ukapasita wote wa antena. Rekebisha variometa, yaani koili inayobadilika, hadi mkondo uwe mkubwa kabisa, kwa nguvu ndogo, wati 5 tu; kama unaizungusha kwa mkono, zima na uchomoe kabla ya kila badiliko. Ukiwa na oskiloskopu ya chaneli mbili, tazama volti na mkondo kwa pamoja: mkondo ukitangulia volti, antena bado ina ukapasita, ongeza koili; mkondo ukichelewa, punguza. Ukishaona mawimbi mawili yakilaliana kabisa kwenye skrini hutapenda njia nyingine tena.

Ethi ni haba. Chuma kimoja cha mita moja kimechomekwa penye udongo mkavu, mtu akasema ana ethi. Ongeza vyuma, ongeza nyaya zinazotawanyika chini ya waya wa mlalo, hata zikilala juu ya majani. Ongeza kimoja, pima mkondo kwa wati zilezile, andika. Mara ya kwanza nilipotoka vyuma viwili hadi sita na nyaya nane, mkondo ulipanda kutoka 0.7 hadi 0.95. Kuongeza kikuza kwa faida hiyo kungenigharimu karibu mara mbili ya wati.

Waya umelala kwenye mti. Mti mbichi ni maji, na maji yenye chumvi zake yanakula mawimbi haya. Usogeze waya mita mbili kutoka kwenye majani ukaone mita itakavyopanda.

Waya wima ni mfupi. Kila mita unayoongeza juu ina faida kuliko mita tano za kulala. Kama ni lazima kupanda mti mrefu, paa au mnara, mwite anayefanya kazi hiyo kwa kamba na mkanda wa usalama.

Transfoma imekosea. Kipete chekundu cha unga wa chuma, kizuri sana kwenye HF, hapa hakina indaktansi ya kutosha. Upande wa omu 50 unataka angalau µH 85 kwenye mita 630 na µH 290 kwenye mita 2200. Tumia feraiti.

DALILI: Mkondo unaanza vizuri kisha unashuka

Usiku mmoja wa Novemba mita yangu ilionyesha 1.1, na kabla ya sekunde arobaini ikawa 0.8. Kipindi kilichofuata, vilevile. Nilizima, nikachomoa, nikafungua sanduku. Koili yenyewe ilikuwa baridi. Nilipopitisha mkono kwenye kihami cha juu, mahali waya unapotoka kwenda angani, kilikuwa vuguvugu, na juu yake kulikuwa na mchirizi wa kung'aa uliopinda kutoka chini ya sanduku hadi kwenye skrubu: njia ya konokono. Katikati yake kulikuwa na alama nyeusi nyembamba kama mstari wa penseli. Yule konokono alikuwa ameniwekea kizuizi kati ya volti 1,700 na ardhi. Kufuta kwa spiriti na kuweka wavu kwenye tundu la chini kulimaliza kazi.

Mara nyingi zaidi, ni maji. Mvua ikilowesha vihami, ukungu ukiingia kwenye sanduku, au majani mabichi yakigusa waya, mkondo unashuka na kurudi kulingana na hali ya hewa. Ongezeko la asilimia moja tu la pF linasogeza mwafaka kwa 2.4 kHz kwenye mita 630. Kwenye mita 2200 linasogeza kama 0.7 kHz, lakini huko antena ina upana mdogo sana, kwa hiyo madhara ni makubwa zaidi. Tumia vihami virefu, na variometa unayoweza kuizungusha kwa mota bila kutoka nje.

Kisha koili yenyewe. Baada ya vipindi vitatu zima, chomoa, ndipo uishike. Ikiwa ya moto kila mahali, waya ni mwembamba. Ikiwa ya moto sehemu moja, kuna mzunguko uliogusana na mwenzake, au bomba lililotumika linameza nguvu. Mabomba ya plastiki ya rangi mbalimbali hayafanani. Kata kipande, kiweke ndani ya koili inayofanya kazi kwa dakika kumi, zima, chomoa, ndipo ukishike.

Ukisikia mlio wa nyoka, ukiona mwanga wa zambarau gizani, au ukinusa ozoni, usingoje kipindi kiishe. Zima. Hewa imeanza kupasuka, na kinachofuata ni moto.

DALILI: Fet (transista) za kikuza zinaungua

Sababu kubwa ni antena iliyotoka kwenye mwafaka wakati kikuza kimejaa. Nyingine inayofuatana nayo: kompyuta imejiwasha upya, ikaacha kiendeshi (ishara inayoiendesha fet) kimekwama juu, na fet ikawa kama waya kati ya chanya na ethi. Weka kapasita kwenye njia ya kiendeshi ili hali ya kukwama isipite, weka fyuzi ya haraka, na tumia umeme wenye kikomo cha mkondo. Baada ya kubadilisha fet, anza na volti 12 juu ya mzigo bandia wa omu 50. Na kumbuka WSPR ni dakika karibu mbili bila kupumzika. Kikuza kilichoandikwa wati 100 kwa ajili ya sauti kipe 40.

Kama kikuza chako kinatumia umeme wa soketi moja kwa moja ndani, na hujawahi kufanya kazi hiyo, mpelekee fundi. Kapasita zake hukaa na umeme muda mrefu baada ya kuchomoa.

DALILI: Kompyuta inakata USB kila nikirusha

Mkondo wa redio unarudi ndani kupitia nyaya. Vile vibano vidogo vya feraiti vya kubana juu ya kebo havisaidii kitu kwenye 475 kHz. Zungusha kebo mara 10 hadi 15 kwenye pete kubwa. Tenganisha sauti kwa transfoma ndogo. Jaribu kompyuta ya mapajani kwa betri: ikitulia, njia ya kurudi ni waya wa umeme. Mara nyingi tiba ya kudumu ni ileile ya kelele, yaani ethi ya antena isiwe ethi ya nyumba.

Hapa naomba uwe makini. Nyumba nyingi za Uingereza zinapata ethi yake kupitia waya wa nyutro wa mtaani. Waya huo ukikatika barabarani, mkondo wa majirani unaweza kutafuta njia kupitia vyuma vyako vya bustani, na kebo yako ikashika moto. Usiunganishe wala usitenganishe ethi ya nyumba kwa kubahatisha. Mwite fundi umeme mwenye leseni na umwambie wazi kwamba una ethi ya redio nje.

DALILI: Jirani analalamika

Mwamini, kisha zima hadi uende kumsikiliza. Kama redio yake ya mawimbi ya kati inavuma kila dakika chache, pima 951.4 na 1427.1 kHz: ni mara mbili na mara tatu ya masafa yako, na zote mbili ziko katikati ya bendi ya matangazo. Kikuza cha swichi bila chujio zuri kitazitoa zote. Kwenye mita 2200 angalia 550 kHz, mara nne ya 137.5. Kama ni kengele ya wezi au taa ya kuwasha kwa kugusa, chujio halitasaidia. Punguza nguvu, sogeza waya mbali na ukuta wake, au mfungie pete ya feraiti kwa gharama yako. Na kama katika nyumba hiyo kuna mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, usirushe tena hadi daktari wake ameelezwa masafa, nguvu na umbali, naye amejibu.